Eko ya moyo kwa mtu mzima aliyezaliwa na tundu

Chukua mama wa miaka 38 anayeuza omena sokoni Kibuye, Kisumu. Amezaa watoto watatu, na siku hizi akipanda ngazi anatweta. Mara aambiwe ni pumu, mara ni mawazo. Hatimaye daktari anaandika neno moja: eko.

Eko ni mwangwi. Ni ultrasaundi ileile aliyopigwa akiwa mjamzito, ila safari hii kifaa kinapitishwa kifuani. Mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio hugonga kuta za moyo na kurudi, mashine ikayageuza kuwa picha inayocheza. Hakuna mionzi. Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kuupima moyo hivi mwaka 1953 huko Lund, Sweden.

Mama analalia ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na mbavu, anapakwa jeli ya baridi. Kwenye skrini damu inatokea nyekundu na buluu. Wengi hudhani nyekundu ni damu safi. Sivyo: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho.

Tuseme ana tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Kwa mtu mzima, kuliona tundu ni nusu tu ya kazi. Damu imekuwa ikivuka kutoka kushoto kwenda kulia tangu utotoni, na upande wa kulia umebeba mzigo usio wake. Kwa hiyo mpimaji anapima chumba cha kulia kimetanuka kiasi gani, na presha ya mapafu imefika wapi. Presha hiyo ikiwa imepanda mno, kuziba tundu kunaweza kumdhuru.

Shida ni kwamba mapafu yamejaa hewa, na hewa huzuia mawimbi. Picha ikikosa kueleweka, maji ya chumvi hutikiswa na hewa kidogo kati ya sirinji mbili, kisha hudungwa mkononi. Mapafu huchuja viputo hivyo. Vikionekana upande wa kushoto ndani ya mapigo matatu ya kwanza tangu vifike upande wa kulia, kuna njia ya mkato ndani ya moyo. Au atameza mrija wenye kifaa nchani, maana umio umepita nyuma tu ya moyo.

Kwa mrija huo ataambiwa asile wala kunywa kwa saa kadhaa. Kwa eko ya kifuani, anywe chai yake kama kawaida.