Kwa nini kuvu huanza nyuma ya kabati?

Ukuta ni mmoja, rangi ni moja, fundi ni yule yule. Sehemu iliyo wazi inang'aa, lakini ukivuta kabati unakuta madoa meusi na harufu ya uvundo. Kwa nini pale tu?

Mbegu za kuvu hazikuletwa na kabati. Zimo hewani kila mahali, ndani na nje, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Chakula hakizipi shida: vumbi, mbao, karatasi, ngozi ya viatu, hata rangi ya ukutani. Joto la Uganda nalo linazifaa mwaka mzima. Kinachosubiriwa ni maji tu.

Maji hayo hutoka hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 25 inaweza kubeba takribani gramu 23 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 17, jambo la kawaida usiku Kampala, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 14 na ushee, na ziada hugeuka matone. Ukuta wa nje hupoa usiku, na kabati lililoubana huuzuia usipate joto la chumba wala upepo wa kuukausha. Wala si lazima uone maji yakichuruzika. Unyevu wa hewa iliyo kando ya ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 hivi kwa siku kadhaa, kuvu inaota.

Sasa fikiria muzigo, kile chumba kimoja cha kupanga ambamo familia nzima hulala, hupika na, mvua za Machi hadi Mei zikikolea, huanika nguo ndani. Pumzi, sufuria ya maharage na nguo mbichi vyote vinamwaga mvuke mle mle. Matundu ya hewa juu ya dirisha yangeutoa, ila tumeyaziba kwa magazeti kwa kuogopa mbu. Woga huo una haki yake, malaria si mchezo. Lakini wavu wa dirisha huzuia mbu na kupitisha hewa, gazeti huzuia vyote viwili.

Kuna maji mengine yanayopanda kutoka chini. Tofali la kuchoma hunyonya unyevu wa ardhi, na kama fundi hakuweka tabaka la kuuzuia juu ya msingi, lipu ya chini itavimba na kubanduka. Mabondeni kama Bwaise jijini Kampala, ambako mafuriko hayaishi, hili ni la kawaida. Unga mweupe unaotokea hapo mara nyingi ni chumvi tu: weka kidogo kwenye maji, ukiyeyuka si kuvu.

Afya je? Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likahusisha hali hiyo na kikohozi, mapafu kukoroma na pumu. Wengi hupiga chafya na kuwashwa macho tu. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua usiku kucha. Wanaodai kuwa kuvu nyeusi ndiyo inayoua wanatia chumvi, kwani rangi haikuambii hatari yake. Wa kuangaliwa zaidi ni aliyewahi kuugua kifua kikuu. Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa watu 398 waliowahi kuugua TB ya mapafu, ukachapishwa 2019, ulionyesha kuwa kuvu aina ya Aspergillus huweza kukaa kwenye mapafu yaliyobaki na mashimo. Dalili zake, kukohoa damu na kukonda, hufanana na TB iliyorudi. Aspergillus imejaa hata nje, kwa hiyo ukuta si mshitakiwa pekee, ila mtu huyo hana sababu ya kulala kando ya ukuta uliooza.

Doa dogo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Ziba pua na mdomo, lowesha kwanza ili mbegu zisiruke, sugua kwa maji ya sabuni, kisha kausha kabisa. Jiki hung'arisha uso wa ukuta lakini haifiki ndani ya lipu, na ukiichanganya na siki itatoa gesi ya sumu. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuilisha. Kabati lisogeze mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na gunia la karanga au mahindi lisiegemezwe hapo kamwe: sumukuvu, yaani sumu ambayo kuvu huiacha kwenye chakula, haiondoki kwa kupikwa.

Paa linalovuja na msingi mbovu ni kazi ya mwenye nyumba, na wengi wao hujibu kwa kopo la rangi. Kwa hiyo ukitafuta chumba, nenda ukakione Aprili au Novemba, mvua zikinyesha. Januari kuta nyingi zimekauka, na zimeshapakwa rangi.