Je, wajua kwa nini baadhi ya kibodi hufunikwa kwa bamba lenye matundu?

Tabora ni mji wa Tanzania unaojulikana kwa chuo cha uhazili, yaani kazi ya ukatibu muhtasi, na katika kazi hiyo sifa ya mpiga chapa hodari ni kasi ya vidole kumi. Mtu mwenye mtindio wa ubongo (hali inayovuruga mwendo wa misuli), au aliyepooza mkono kwa kiharusi, hawezi kupimwa hivyo, kwani kibodi ya kawaida huundwa kwa kudhani kwamba kila kidole kitatua kilipokusudiwa, kitainuka mara moja, na mkono wa pili utakuwa tayari kusaidia.

Bamba hilo la matundu huonekana kama kizuizi, na kwa kweli ni kizuizi, ila chenye faida. Hufungwa juu ya kibodi, kila tundu likielekea kitufe chake, hivyo mkono unaotetemeka unaweza kuegemea bila kubonyeza chochote, kidole kikateleza hadi kwenye tundu linalotakiwa, na kikikosea kikagonga ukingo badala ya kuandika herufi isiyotakiwa. Fundi makini anaweza kulikata kwenye plastiki au plaiwudi nyembamba, mradi awe na kibodi yenyewe mkononi, maana nafasi za vitufe hutofautiana.

Mwenye misuli dhaifu, kinyume chake, huweza kuwa na shabaha nzuri lakini asiweze kuusogeza mkono mbali. Huyo kibodi pana humchosha, na kinachomfaa ni ndogo yenye vitufe vyepesi. Kwa hiyo kununua kibodi maalumu kabla ya kumtazama mtumiaji akiandika ni kubahatisha.

Msaada mwingine umo ndani ya kompyuta. Katika Windows, kubonyeza Shift mara tano huleta njia ya kuandika herufi kubwa kwa kidole kimoja (wengi huifunga kwa kero, bila kujua iliwekwa kwa ajili ya nani).

Asiyeweza kutumia vidole kabisa hutumia swichi moja: mwanga hupita juu ya herufi zilizo kwenye skrini, naye hubonyeza unapofika kwenye herufi aitakayo. Hapa mpangilio wa herufi ndio kila kitu. Uliopangwa kwa Kiingereza hutanguliza E na T, ilhali katika Kiswahili A ndiyo inayotumika zaidi, na maneno mengi huishia kwa irabu. Anayeandika Kiswahili kwa mpangilio huo hungoja bure karibu katika kila neno. Mbuni wa kibodi ya Kiswahili angetanguliza A na I, akazisukuma Q na X mwisho kabisa.