Viktor Bout, tajiri wa silaha, na ile namba iliyo kwenye bunduki

Kila tukienda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuongea na watu kuhusu bunduki swali ni lile lile, mchunga ng'ombe AK ameipata wapi? Zingine tunajua, 1979 Amin alipoanguka ghala la kambi ya Moroto lilivunjwa watu wakabeba, zingine zikavuka mipaka kutoka vita vya majirani. Sasa hivyo vita vya Afrika nani alikuwa anavilisha? Hapo ndo tumwangalie Viktor Bout.

Huyu alizaliwa Dushanbe 1967, akawa mwanajeshi wa Usovieti, lugha anajua nyingi, alafu 1991 Usovieti ikavunjika ndege za mizigo zikawa zinauzwa bei ya kutupa, akachukua Antonov na Ilyushin, akaweka kituo Sharjah kule Falme za Kiarabu, pesa ikaanza kuingia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walimtaja kwenye silaha za Angola, Liberia, Sierra Leone, mpaka Kongo hapa jirani. Yeye anakana mpaka leo, anasema alikuwa msafirishaji tu, na ni kweli ndege zake zilibeba hata walinda amani wa huo huo Umoja wa Mataifa, jambo ambalo mimi linaniuma sana.

Biashara hii inaendeshwa kwa makaratasi jamani. Silaha za kivita hazitakiwi kuuzwa nje bila cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani serikali inayonunua inasaini kwamba mzigo ni wake. Basi walanguzi wanaghushi hicho cheti au wanahonga afisa, karatasi inasema nchi hii, ndege inatua nchi ile, na kesho ndege yenyewe imeshabadilishwa usajili na kampuni ina jina jipya, utamfuata nani?

Alinaswa Bangkok Machi 2008 kwenye mtego wa Marekani, watu waliotumwa wakajifanya waasi wa FARC wa Kolombia wanaotaka silaha, 2012 mahakama ya Marekani ikampa miaka 25 jela, ila Desemba 2022 akabadilishwa na Brittney Griner, mchezaji wa basketi wa Marekani aliyefungwa Urusi, na 2023 akaingia bunge la mkoa wa Ulyanovsk huko Urusi. Yuko huru.

Sisi tumebaki na silaha zenyewe. Protokali ya Nairobi ya 2004, mkataba wa nchi za ukanda huu kuhusu silaha ndogo ambao Uganda imo, inataka bunduki zitiwe alama kama ile namba, maana alama ndo inasaidia kufuatilia ilitengenezwa wapi na iliuzwa kwa nani. Kwa hiyo ukiokota bunduki usiifukie, usiiuze, na namba usiikwangue hata kidogo, piga 999 waje waichukue.