Chumvi kwenye majaruba ya Ruvu: inakotoka na inavyotolewa

Mkulima wa mpunga bonde la Ruvu, Bagamoyo, akiona ukoko mweupe juu ya matuta husema bahari imeingia shambani. Huenda. Lakini sehemu kubwa ya chumvi hiyo yaweza kuwa imeletwa na mfereji wake mwenyewe.

Chumvi ya maji hupimwa kwa EC, yaani jinsi yanavyopitisha umeme. Maji yenye EC 1 (desisimensi 1 kwa mita) hubeba takriban gramu 640 za chumvi katika kila mita ya ujazo. Ekari ikinyweshwa kina cha milimita 500 kwa msimu imepokea kilo 1,300 hivi. Jua linakausha maji, mpunga unakunywa, chumvi inabaki. Shamba lenye mfereji wa kuingiza lisilo na mtaro wa kutoa ni sufuria ya kupikia chumvi.

Kiangazi mto hupungua, na kadiri pampu za juu zinavyovuta ndivyo maji ya bamvua yanavyopanda kutoka baharini. Usifungue banio (mlango wa maji wa mfereji) maji yakiwa yamejaa. Subiri yapwe, kisha pima kwa mita ya EC, maana ulimi hudanganya. Chini ya 0.7 hakuna shida. Yakizidi 3, acha.

Mpunga huanza kupunguza mavuno EC ya udongo ikipita 3, mahindi 1.7, maharage 1 tu. Mbegu ya mpunga huota vizuri hata penye chumvi, ndiyo maana wengi hushtuka baadaye: mche mchanga huungua ncha, na wakati wa kuchanua mapepe (punje tupu) huzidi. Pandikiza miche ya siku 25 hadi 30, si michanga.

Kabla ya kuosha udongo, tofautisha chumvi ya kawaida na magadi (sodiamu iliyozidi udongoni). Tumbukiza bonge kavu, ukubwa wa punje ya hindi, kwenye glasi ya maji ya mvua, bila kutikisa. Kesho yake bonge likizungukwa na wingu kama la maziwa, shuku magadi na upeleke sampuli maabara. pH ikizidi 8.5, hapo inahitajika jasi (gypsum) kwanza. Ukiosha bila jasi udongo huziba, maji yakasimama juu.

Penye chumvi ya kawaida, sentimita 30 za maji zikipenya sentimita 30 za udongo huondoa karibu asilimia 80 ya chumvi. Zikipenya, si zikipita juu, na mtaro uwe chini kuliko sakafu ya jaruba. Toa maji hayo kabla ya kuweka urea, na yaelekeze upande wa chini wa mkondo, baada ya banio la jirani.