Upasuaji wa mgongo: kwa nini tunafuatilia miguu yako ukiwa usingizini

Dawati letu la malalamiko limepokea barua nyingi mwaka huu kuhusu upasuaji wa mgongo, na nyingi zinafanana. Mwanangu amerudi wodini na vitobo kichwani. Mama ana jeraha kwenye ulimi, nani alimpiga? Tumelipia mgongo unyooshwe, mbona bado umepinda? Uongozi umeniomba nijibu, kwa kuwa maswali yote matatu yanagusa kazi yangu ya kila siku: kufuatilia neva na misuli ya mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi.

Nianze na hilo la mwisho, ndilo zito. Binti wa miaka 14, mgongo umepinda kwenda pembeni. Daktari ameshafunga skrubu kwenye pingili, ameingiza fito za chuma, anaanza kunyoosha. Mimi nimekaa mbele ya skrini. Kila baada ya muda mfupi natuma umeme kwenye utosi na kusoma jinsi misuli inavyojibu: ya kiganja, ya paja, ya muundi, na ule mdogo unaosogeza kidole gumba cha mguu. Fito ilipokazwa, mistari ya miguu yote miwili ikalala. Ya mikono ikabaki vilevile. Ingepotea na ya mikono, shaka yangu ya kwanza ingekuwa kwenye dawa za usingizi. Kwa kuwa ilibaki, tatizo lilikuwa chini ya shingo, pale pale penye fito.

Nikasema, "Miguu imepotea." Kazi ikasimama. Daktari wa usingizi akapandisha presha ili damu ifike vizuri kwenye uti wa mgongo, akaangalia joto la mwili na wingi wa damu. Nikakagua nyaya moja moja. Daktari wa upasuaji akalegeza fito. Tukasubiri. Zilipita kama dakika ishirini, kidole gumba cha kulia kikajibu, halafu cha kushoto. Tulifunga jeraha mgongo ukiwa umenyooka pungufu ya tulivyopanga, na binti aliondoka wodini kwa miguu yake mwenyewe. Baadaye ikaja barua kuhusu mpindo uliobaki. Naelewa uchungu wa familia iliyosubiri miaka. Lakini kuulazimisha mgongo ule siku ile kungeweza kumpooza, na uamuzi ule tungeurudia kesho.

Zamani hapakuwa na mitambo hii. Mgonjwa aliamshwa katikati ya upasuaji, mgongo ukiwa wazi, akaambiwa achezeshe miguu. Jaribio hilo lilielezwa na timu ya daktari Stagnara wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1973, na bado tunalitumia mitambo inapotutia shaka. Kasoro yake ni kwamba linaonyesha hali ya dakika ile tu. Mwaka 1980 Merton na Morton wa Uingereza walionyesha kwamba ubongo unaweza kuchochewa kwa umeme kupitia fuvu bila kulifungua, na huo ndio msingi wa ninachokifanya.

Tunapima njia mbili. Ya hisia: tunachochea neva kwenye kifundo cha mguu, tunasoma mawimbi kichwani. Wimbi likipungua kwa nusu, au likichelewa kwa asilimia 10, natoa tahadhari. Ya mwendo ni kinyume chake, kutoka kichwani kwenda mguuni. Wapo wanaouliza kwa nini tusipime moja tukapunguza gharama. Njia ya hisia niliyoitaja hupita nyuma ya uti wa mgongo, na njia za mwendo ziko sehemu inayolishwa na mshipa mwingine wa damu, ule wa mbele. Mtu anaweza kubaki na hisia zote na asiweze kuinua mguu.

Sasa vitobo. Elektrodi za kichwani ni sindano fupi zilizojipinda kama skrubu, hushika ngozi tu. Alama zake hupona zenyewe. Ulimi: umeme wa utosini hukaza taya kwa ghafla, ndiyo maana tunaweka bandeji zilizoviringishwa katikati ya magego, na bado mara chache ulimi hujeruhiwa. Hakuna aliyempiga mtu. Jambo hilo limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa mliyotia saini, na naomba, kwa heshima yote, fomu isomwe.

Kuhusu fomu hiyo. Mgonjwa mwenye miaka 18 na zaidi, mwenye akili timamu, husaini mwenyewe. Si mume, si kaka mkubwa, si mjomba kwa simu. Aliye chini ya umri huo husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Saini huwekwa kabla ya dawa yoyote ya kulewesha. Ikiwekwa baada ya hapo hatuipokei, na jina linaondolewa kwenye orodha ya siku hiyo. Linaondolewa pia kwa aliyekula ndani ya saa sita kabla ya usingizi, hata kama ni uji. Nywele zifumuliwe nyumbani. Tumepoteza asubuhi nzima tukifumua rasta zilizosukwa jana yake kwa ajili ya safari ya hospitali. Na rekodi za skrini ni taarifa za afya, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtumishi akizitoa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini au kifungo, au vyote viwili. Msitusukume tuwapigie picha za kutuma kwenye kundi la familia.

Ufuatiliaji huu hautibu, na hauhakikishi kwamba hakuna madhara. Unatoa onyo wakati bado kuna la kufanya. Si kila upasuaji unauhitaji pia: uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na operesheni nyingi ndogo za chini ya hapo hufanyika salama bila mitambo yangu.

Tunachohitaji kwenu ni ukweli wa mapema. Kifafa, betri ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, operesheni ya zamani ya fuvu: haya hubadilisha mpango mzima, na wapo wanaoyaficha wakiogopa kuahirishiwa tarehe. Vilevile ganzi ya unyayo, mguu unaoburuta, kisukari cha muda mrefu. Mstari ninaousoma kabla kisu hakijagusa ngozi ndio ninaoulinganisha na yote yanayofuata. Ukija dhaifu nami sijaambiwa sababu, dakika za kwanza nitazimalizia kwenye nyaya. Yaandikwe kwenye faili siku ya kliniki, yasisubiri mlango wa chumba cha upasuaji.