Usiniletee chupa ya maji

Mteja anaingia maabara na chupa ya lita moja, kaifunga kwa plastiki mara mbili, tarehe kaiandika juu kwa kalamu ya wino na wino umeshaanza kuyeyuka. Anataka nimpimie zebaki ajue kama samaki wa maji yale wanalika. Wiki hii ni wa tatu. Kwa mdomo nimeshachoka, sasa naandika.

"Maji yamepimwa, ni safi, basi na samaki ni salama"

Hapana. Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu mwenye nayo amejitahidi, kapima, kapata jibu la kweli, ila la swali jingine.

Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Ziwa lenye nanogramu 1 (sehemu ya elfu ya mikrogramu) kwa lita liko chini ya hapo mara 6,000. Kwa upande wa zebaki, kunywa bila wasiwasi. Lakini humohumo samaki anayekula samaki wenzake anaweza kuwa na miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mnofu. Piga hesabu: kipande cha gramu 200 kina zebaki sawa na lita 100,000 za maji yale. Ukinywa lita 2 kwa siku, utazimaliza baada ya miaka 137 hivi.

Imefikaje huko? Zebaki ikitua kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, aina ya zebaki inayojikusanya mwilini. Vijimea vya planktoni, vile vidogo mno vinavyoelea majini, huifyonza moja kwa moja majini, na hapa ndipo penye mruko mkubwa kuliko yote: ukolezi ndani ya kijimea huwa makumi ya maelfu ya mara kuliko maji yanayokizunguka, na mara nyingi hupita hapo. Watu humlaumu papa, kumbe sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla samaki yeyote hajafungua mdomo. Kinachofuata ni kupanda ngazi. Vijidudu hula vijimea, samaki wadogo hula vijidudu, wakubwa huwameza wadogo. Kila mlaji huchoma sehemu kubwa ya chakula chake apate nguvu ya kuogelea. Methilizebaki haichomeki, na kuitoa mwilini humchukua samaki miezi, hata miaka. Kabla ya jana haijatoka, ya leo imeshaingia.

Asiyeamini na aangalie ziwa la Clear Lake, California, Marekani. Dawa ya wadudu ya DDD, ambayo si zebaki lakini hupanda ngazi ileile, ilimwagwa humo mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuua usubi. Ilikuwa kidogo mno: mara ya kwanza sehemu 1 kwa milioni 70 za maji. Muda mfupi baada ya mara ya mwisho maji yalipimwa, DDD haikuonekana. Lakini planktoni ilikutwa na sehemu 5 hivi kwa milioni, na mafuta ya vibisi, ndege wanaopiga mbizi na kula samaki, sehemu 1,600. Wangeniletea chupa ya maji, ningewapa cheti kisafi kabisa.

Mengine, kwa ufupi

"Nikikaanga vizuri inakufa." Zebaki si kidudu, ni elementi. Mnofu ukipoteza maji motoni, kila gramu inayobaki ina zebaki zaidi kidogo.

"Natoa ngozi na mafuta." Kwa PCB (kemikali za viwandani) na DDT (dawa ya wadudu) inasaidia, maana hizo hukaa kwenye mafuta. Methilizebaki hushikamana na protini ya mnofu wenyewe. Ukitaka kuiondoa utabaki na mifupa.

"Metali nzito zote hupanda ngazi." Risasi kwa kawaida hupungua kadiri unavyopanda. Kadimiamu utaikuta zaidi kwenye chaza, maini na figo kuliko kwenye mnofu wa samaki mkubwa. Kwa hiyo usiniambie "metali nzito", niambie ipi.

"Samaki mwenye sumu utamjua." Macho maangavu na matamvua mekundu yanakwambia kavuliwa lini. Basi.

"Kumbe niache samaki!" Wakishaelewa hukimbilia huku. Samaki wadogo jamii ya dagaa wako chini kwenye ngazi na maisha yao ni mafupi; kula. Punguza papa na jodari wakubwa, hasa ukiwa mjamzito, kwani methilizebaki huvuka kondo la nyuma ikafika kwenye ubongo wa mtoto.

Na kama bado unataka kipimo, niletee samaki. Si mmoja, wachache wa ukubwa tofauti, wazima, kwenye barafu. Mnofu nitaukata mwenyewe, chini ya pezi la mgongoni. Kabla hujawafunga pima urefu, ncha ya mdomo hadi mkia, uandike kwa penseli. Wa sentimita 20 na wa sentimita 80, aina moja, ziwa moja, ni majibu mawili mbalimbali. Asiyeandika urefu namrudisha nyumbani na barafu yake.