Poti ya printa: kwa nini printa iliyo nzima hugoma kuchapa

Poti ya printa ni mahali ambapo kompyuta imeelekezwa kupeleka kazi za kuchapa. Wengi huidhani kuwa ni lile tundu linalochomekwa waya, na dhana hiyo ina asili yake, kwa kuwa zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Kompyuta za IBM PC, zilizoanza kuuzwa mwaka 1981, ziliunganishwa na printa kwa tundu pana la pini 25, na tundu hilo kompyuta ililijua kwa jina la LPT1. Leo tundu lenyewe limetoweka kwenye kompyuta nyingi, lakini jina limebaki katika orodha ya poti za Windows, na mtu akilichagua kwa bahati mbaya, kazi zake zitasubiri kwenye foleni bila hata karatasi moja kutoka.

Kwa sasa njia za kawaida ni mbili: waya wa USB na mtandao. Waya wa USB, wenye ncha bapa upande wa kompyuta na ncha iliyo karibu na mraba upande wa printa, ndio ninaoupendekeza kwa mwenye kompyuta moja na printa iliyo mezani pake, kwa sababu hauhitaji nywila wala ruta, yaani kile kifaa kinachounganisha vifaa kwenye mtandao. Usizidi mita 5. Inafaa pia kusoma maelekezo ya printa kabla ya kuuchomeka, kwani baadhi ya printa hutaka draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, iwekwe kwanza. Printa ikishatambuliwa, Windows huipa poti yenye jina kama USB001. Ukihamishia waya kwenye tundu la pili, mara nyingine kompyuta huihesabu kuwa ni printa mpya, huipa USB002, na katika orodha utaona printa mbili zenye jina karibu lilelile, ambapo ile uliyozoea kuichagua ndiyo isiyofanya kazi tena.

Kwenye mtandao, poti haiwi tundu hata kidogo. Huwa ni anwani. Printa inapojiunga na ruta, kwa waya au kwa waifai, hupewa namba kama 192.168.1.23, na kompyuta huihifadhi namba hiyo kama poti ya TCP/IP, yaani poti inayotumia anwani ya mtandao. Hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Chukua stesheneri yenye kompyuta tatu na printa moja: umeme unakatika mchana, unarudi, ruta inawaka upya na kugawa anwani upya, na safari hii printa inaangukia 192.168.1.27. Kompyuta zote tatu zinaendelea kupeleka kazi kwenye 23, ambako hakuna mtu, kisha zinatangaza kuwa printa haipo hewani. Mhudumu anabadilisha wino, anafungua na kufunga trei, anazima na kuwasha, ilhali printa haina ugonjwa wowote.

Dawa yake ni kuifanya anwani isibadilike. Njia iliyo safi zaidi ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea printa namba moja ya kudumu. Ukishindwa, iandike namba hiyo kwenye menyu ya printa yenyewe, ukihakikisha kuwa iko nje ya zile ambazo ruta huzigawa kwa vifaa vingine. Windows inaweza pia kuunda yenyewe poti ya aina ya WSD, ambayo huitafuta printa mtandaoni bila kutegemea namba. Nyumbani inatosha, lakini kwa sehemu ya kazi mimi huona heri poti ya TCP/IP yenye anwani isiyohama, kwa sababu ikigoma unajua pa kuanzia.

Kuhusu waifai, printa nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya 2.4 GHz pekee, hivyo jina la mtandao wa 5 GHz halitaonekana kabisa kwenye orodha yake. Wanaotumia hotspoti ya simu nao wakumbuke kwamba simu ikitoka na mwenyewe, mtandao wa printa umetoka naye.

Ili kukagua poti, chapisha kwanza karatasi ya mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani iliyopo, kisha fungua sifa za printa kwenye kompyuta na uingie sehemu iliyoandikwa Ports. Poti yenye alama ya vema ndiyo inayotumika. Anwani zikitofautiana, ongeza poti mpya yenye anwani sahihi. Hakuna haja ya kuifuta printa na kuanza upya. Ila kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, safisha foleni, kwa maana aliyetuma barua moja mara saba akiwa na hasira ataziona nakala zote saba zikitoka kwa mpigo.